Karibu Hillbrow, Karibu na Hillbrow: Vihusishi, Nafsi na Ukaribisho katika Riwaya za Johannesburg

Mtaa wa Berea, Johannesburg, umebanwa kati ya Hillbrow upande wa magharibi na Yeoville upande wa mashariki. Humo limesimama jengo la Ponte, mnara wa mviringo wa ghorofa zaidi ya 50 uliokamilika mwaka 1975, ambao wakazi wake wa miongo ya karibuni wametoka pande nyingi za Afrika, Wakongo wakiwamo. Kiswahili husikika ngazini na barabarani, cha Bukavu na Lubumbashi kikikutana na cha Dar es Salaam na Tanga. Msemaji wa lugha hii akitaka kumweleza mtu mtaa wenyewe uko wapi, atasema kwamba Berea iko karibu na Hillbrow. Akiidondosha silabi moja tu, ile *na*, kauli yake haielezi tena mahali. Imekuwa mwaliko: karibu Hillbrow.

Kiingereza hakina mteremko wa namna hii kati ya ujirani na ukaribisho. Kina miteremko yake mingine, na mmojawapo umewekwa waziwazi juu ya jalada la riwaya mashuhuri kuliko zote zilizoandikwa juu ya kitongoji hicho jirani. *Welcome to Our Hillbrow* ya Phaswane Mpe ilitolewa na University of Natal Press mwaka 2001. Mwandishi wake alifariki Desemba 2004 akiwa na umri wa miaka 34, akaacha riwaya hiyo moja ambayo imesomwa na kufundishwa kuliko vitabu vinene vya wenzake. Anayesemeshwa ndani yake ni marehemu: Refentše, kijana aliyetoka kijiji cha Tiragalong kuja kusoma na kufundisha jijini, kisha akajirusha kutoka ghorofa ya 20. Msimulizi humwita kwa nafsi ya pili, "wewe", kuanzia mwanzo, na ukaribisho wa jalada hurudiwa tena na tena huku jina la mahali likibadilika, hadi marehemu anakaribishwa Mbinguni.

Wahakiki wengi wamelishughulikia neno "our" la jina hilo, na kwa haki. Yaliyopita bila kutazamwa sana ni mambo mawili yanayolizunguka: kihusishi kinacholitangulia na idadi ya wanaokaribishwa. Msomaji wa Kiingereza hana sababu ya kuyatazama. Mfasiri wa Kiswahili hana njia ya kuyakwepa.

Kwanza atalazimika kuamua kama anasema *karibu* au *karibuni*. Pili, na hapa ndipo kazi ilipo, ataamua iwapo kitongoji hicho ni *Hillbrow yetu* au ni *kwetu Hillbrow*. Kisarufi njia zote mbili ziko sawa, ila kimaana zimeachana sana. *Hillbrow yetu* ni kitu tulicho nacho, kama timu yetu au shida zetu. Mtu aweza kuitaja kwa mapenzi, kwa kejeli, au kwa uchovu wa aliyeizoea. *Kwetu* ni kihusishi na kiwakilishi vilivyoungana wakazaa nomino, na nomino hiyo ina uzito ambao "our" haikuwahi kuubeba. Mkongo anayelala Berea humwalika rafiki yake kwa neno *kwangu*: njoo kwangu jioni. Akiulizwa kwao ni wapi, hujibu Bukavu. Kwangu ni pale penye godoro na sufuria. Kwetu ni pale penye makaburi. Mtu aweza kukaa miaka 20 katika jengo moja akalipa kodi kila mwezi, akaoa na kuzaa humo, na bado asithubutu kuliita kwao. Kwa kipimo hicho hata Refentše mwenyewe, mwananchi halali wa Afrika Kusini, kwao si Hillbrow bali Tiragalong.

Ndiyo kusema kwamba jina *Karibuni Kwetu Hillbrow* lingekuwa na ujasiri zaidi ya lile la Kiingereza. Lingetangaza kwamba mahali ambapo takriban kila mtu amefika kutoka pengine pamegeuka kuwa asili ya watu. Je, huo ni ujasiri wa Mpe au wa mfasiri? Riwaya yenyewe inatoa jibu. Inabishana kurasa nyingi na chuki dhidi ya Waafrika wageni, wale wanaoitwa kwa dharau *makwerekwere*, na hoja yake kubwa ni kwamba wanavijiji wanaoilaumu Hillbrow kwa uasherati na maradhi wanasahau kwamba Hillbrow imejaa watoto wao wenyewe. Hoja hiyo haitoshelezwi na *yetu* ya umiliki. Inahitaji *kwetu*. Mtu aweza kujibu kwamba *Hillbrow Yetu* inahifadhi sauti ya umbea wa kijirani inayotawala masimulizi, na jibu hilo lina nguvu. Lakini sauti ya umbea iko tele ndani ya kitabu na haitapotea kwa kukosa jalada. Ujasiri ukikosa jalada utapotea.

Mfano huu unafaa kuwekwa mbele ya wale wanaorudia msemo kwamba Kiswahili ni maskini wa vihusishi. Kweli, orodha ya Kiingereza ni ndefu, ilhali Kiswahili huzungusha *kwa*, *na*, *katika* na *-a* ya uhusiano, pamoja na vifungu kama *juu ya* na *kando ya*. Lakini orodha ya maneno yaliyosimama peke yake si kipimo cha lugha ambayo huuingiza uhusiano tumboni mwa kitenzi. Walimu Waingereza wa karne iliyopita walilitambua jambo hilo walipoiita kauli ya kutendea "umbo la kihusishi". Kiingereza kinachukua kitenzi kimoja kidogo, "look", na kukifanyisha kazi kwa kubadilisha mkia: "look at me", "look for me", "look after me". Kiswahili kinavitenga vitendo vyenyewe: nitazame, nitafute, nitunze. Kule ambako kinatumia kitenzi kimoja, kama katika *kukimbia*, tofauti huingia ndani: mtu hukimbia nchi moja na kukimbilia nyingine, wala hakuna kihusishi hata kimoja kilichohitajika kumvusha mpaka.

Inasikitisha kuona kwamba sehemu ya Kiswahili kinachoandikwa ughaibuni, na hata magazetini nyumbani, imeanza kuusahau utajiri huo. "Alinunua kitabu kwa ajili yangu" imesimama mahali pa *alininunulia kitabu*. "Alilia juu yangu" inasomwa pale ambapo *alinililia* ingetosha, na ya kwanza ina hatari ya kumfanya msomaji adhani kwamba machozi yalidondoka begani. Hapa kosa la sarufi ni dogo. Linaloumiza ni kwamba mtendewa, ambaye Kiswahili humweka ndani kabisa ya kitenzi, amesukumwa nje akangoje mwishoni mwa sentensi.

Kiingereza cha mitaa ya Johannesburg, kwa upande wake, kina desturi ambazo msemaji wa Kiswahili huzipokea kwa urahisi usiotarajiwa. Watu huuliza "Are you coming with?" na kuishia hapo, kihusishi kikining'inia bila nafsi, kwa kufuata Kiafrikaans. Husemwa pia kwamba fulani "threw me with a stone". Mwingereza wa shule huruka akisikia hivyo, kwa kuwa kwake kinachorushwa ni jiwe na si mtu. Lakini kwa aliyezoea *alinipiga kwa jiwe* sentensi hiyo ina mantiki yote: aliyeumia anatajwa kwanza, chombo kinafuata. Hali kadhalika "borrow me your pen", ambayo wasahihishaji huiwekea mstari mwekundu. Kiswahili kina kitenzi kimoja, *kuazima*, kwa anayetoa na anayepokea. Nafsi iliyopachikwa ndiyo inayoonyesha kalamu inaelekea upande gani. *Niazime kalamu* ni "borrow me" neno kwa neno, na hakuna mzee wa Tanga aliyewahi kuiona kuwa ushamba.

Mwenye kalamu nyekundu ana riwaya yake pia, tena iliyotoka mwaka uleule wa 2001. Katika *The Restless Supermarket* ya Ivan Vladislavić, Aubrey Tearle ni mzee mstaafu aliyefanya kazi ya kusahihisha vitabu vya namba za simu. Anaishi Hillbrow ya mwaka 1993, siku za mwisho za utawala wa wachache, anashinda katika mgahawa wa Café Europa, na anakusanya makosa ya lugha kutoka kwenye mabango na magazeti kana kwamba kila kosa lililonyooshwa litazuia ukuta mmoja usianguke. Jina la kitabu limetokana na duka ambalo mwenyewe alitaka kusema kwamba halifungwi usiku wala mchana. Vladislavić ana akili ya kutosha kumfanya Tearle achekeshe na auchome moyo kwa pamoja. Anachokiogopa mzee huyo hakiko katika makosa yenyewe. Anaogopa kwamba lugha aliyoilinda imepata wenyeji wengine ambao hawakumwomba ruhusa, nao wanaipangilia upya kutoka ndani. Vihusishi ndivyo vya kwanza kuhama, kwa kuwa ni vidogo na hakuna anayevilinda mlangoni.

Riwaya hizi mbili husomwa pamoja mara kwa mara kwa sababu ya mahali na mwaka. Zinastahili kusomwa pamoja kwa sababu ya sarufi. Tearle anataka kila neno libaki lilipopangwa. Mpe anaandika Kiingereza ambacho nyuma yake husikika Kisotho cha Kaskazini, lugha inayoitwa Sepedi, na ndani ya riwaya kuna hadithi ya mwanamke ambaye maandishi yake kwa lugha hiyo yanakataliwa kwa kuthubutu kutaja mwili na maradhi kwa majina yake. Sepedi na Kiswahili ni ndugu, na undugu wao huonekana zaidi panapohusika mahali. Jina la jimbo, Gauteng, lililochukuliwa rasmi mwaka 1995, ni neno la dhahabu lenye kiambishi cha mahali mwishoni. Mswahili angesema *dhahabuni*. Kizulu huweka alama yake mbele na kusema *eGoli*. Jina la kijiji cha kubuni, Tiragalong, linaishia na *-ng* ileile. Kwa lugha hizi mahali hapatajwi bila mtu kuwekwa ndani yake.

Kwa Waswahili, jambo hili lina mfano wa karibu zaidi. Ida Hadjivayanis alipoitafsiri *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, aliiita *Peponi*. Hakuwa na hiari kubwa. *Pepo* peke yake lingemkumbusha msomaji mashetani wa kupungwa. Ni ile *-ni* inayohakikisha kwamba anayezungumziwa ni mtu aliyeko, au anayetamani kuwako, mahali pa raha. Kiingereza kilitaja mahali, Kiswahili kikamweka Yusuf ndani yake, na kejeli ya jina ikazidi. Zamani zaidi, *Things Fall Apart* ya Achebe ilipofasiriwa na Clement Ndulute mwaka 1973, kitenzi kile chenye mkia, ambacho kinaonyesha vitu vikiachana bila kumtaja anayeviachanisha, kilikwepwa kabisa, na kitabu kikaitwa *Shujaa Okonkwo*. Ni jina zuri la kuuzia kitabu, lakini limehamisha lawama kutoka kwenye vitu hadi kwa mtu mmoja.

Wakongo wa Berea wana njia yao wenyewe, ambayo walinzi wa Kiswahili sanifu huiona kuwa uharibifu. Wa Dar es Salaam huuliza, "Mzee, upo nyumbani?" Wa Bukavu huuliza, "Papa, uko ku nyumba?" Hiyo *ku*, pamoja na mwenzake *mu*, ni viambishi vya kale vya ngeli za mahali ambavyo Kiswahili cha pwani kimevibakiza katika upatanisho tu, kama katika *nyumbani kwangu* na *nyumbani mwangu*. Akina Tearle wa Kiswahili wapo, na hawakosi wino. Lakini katika hili Mkongo amehifadhi kitu ambacho Mzanzibari amekipoteza.

Pahali ambapo Kiswahili kinaitikia riwaya ya Mpe kwa nguvu kuliko lugha yake ya kwanza ni kwenye kifo. Kitenzi *kufia* hubeba mizigo mitatu. Mtu hufia mahali: alifia Hillbrow. Hufia jambo: alifia dini, alifia nchi. Na humfia mtu: alimfia mama yake, kwa maana kwamba alikufa na hasara ikawa ya mama. Kiingereza hulazimika kuchagua baina ya "in", "for" na "on". Kiswahili hutupa kitenzi kimoja na kuuacha muktadha ufanye kazi, na pengine muktadha hukataa kuifanya. "Alifia nchi ya watu" yaweza kumaanisha kwamba alikufa ugenini au kwamba alikufa akiitetea nchi isiyo yake.

Ubishi wa riwaya nzima ni juu ya kihusishi hicho. Refentše alifia Hillbrow, hilo halina shaka. Wanakijiji wa Tiragalong, hata hivyo, hawaridhiki na mahali, wanataka sababu. Kwao ameponzwa na Hillbrow, ameuawa na wanawake wa mjini, na ikibidi, amerogwa. Mama yake, ambaye kwa Kiswahili angeitwa *aliyefiwa*, anajikwaa na kuangukia kaburini siku ya mazishi, na vijana wa kijiji wanaichukua ajali hiyo kuwa ushahidi wa uchawi. Wanamwua kwa moto. Kutoka *amefiwa na mwanawe* hadi *amemwua mwanawe* ni safari ya siku chache tu. Katika kauli ya kutendewa mama yumo ndani ya kitenzi kama mpokeaji wa msiba. Kijiji kinamhamisha na kumfanya mtenda. Kiingereza cha Mpe kinaieleza dhuluma hiyo kwa matukio. Kiswahili kingeionyesha katika mnyambuliko wa vitenzi viwili vilivyokaa jirani, na mfasiri mwangalifu hangehitaji kuongeza neno lolote.

Nje ya riwaya, vijineno hivi huamua mambo ya watu walio hai. Sheria ya Wakimbizi ya Afrika Kusini, namba 130 ya mwaka 1998, ilitungwa mwaka uleule ambao vita vya pili vya Kongo vilianza. Anayeomba hifadhi hueleza yaliyomkimbiza, mara nyingi kupitia mkalimani, na maelezo huandikwa kwa Kiingereza. Fikiria mtu anayesema: *nilipigana na askari wa serikali*. Kwa Kiswahili hakuna utata mkubwa. *Kupigana na* ni kuwa dhidi ya, na anayetaka maana nyingine husema alipigana upande wao. Mkalimani anaandika "I fought with government soldiers", tafsiri isiyo na kosa hata moja. Lakini kwa Kiingereza sentensi hiyo yaweza kusomwa kwamba mtu huyu alikuwa mwenzao, bunduki mkononi. Swali la iwapo mwombaji alikuwa mhanga wa jeshi au askari wake si dogo mbele ya afisa, kwa kuwa sheria hiyo inawanyima hifadhi waliotenda makosa ya vita. Yote yametokana na "with" kufanya kazi mbili.

Gurnah aliliona jambo hili mapema. Riwaya yake *By the Sea*, nayo ya mwaka 2001 kana kwamba mwaka huo ulikuwa na miadi, inamleta mzee Saleh Omar kutoka Zanzibar hadi uwanja wa Gatwick akiwa na hati ya jina la mtu mwingine na ushauri wa kujifanya hajui Kiingereza. Anakijua vizuri sana. Kunyamaza kwake kunamwepusha na wajibu wa kujipanga kwa sarufi ya wenyeji kabla hajajua sarufi hiyo itamweka wapi. Na anapotafutwa mkalimani, anayepatikana ni Latif Mahmud, mtoto wa mtu ambaye jina lake mzee amelitwaa. Jina la riwaya hiyo nalo lina kihusishi cha kutazamwa. "By" ya Kiingereza ni ya ukando na pia ya mtenda. Ajabu ni kwamba *na* ya Kiswahili hufanya vivyo hivyo: mtu huishi karibu na bahari, na mtu huletwa na bahari. Ni nadra kwa lugha hizi mbili kukutana kwenye kijineno kimoja kwa ukamilifu hivyo, lakini mfasiri atakayeandika *Kando ya Bahari* atakuwa amebakiza nusu.

Mei 2008, mashambulio dhidi ya Waafrika wageni yalianza Alexandra, kaskazini mwa Hillbrow na Berea, yakaenea nchini na kuua watu zaidi ya 60. Mpe hakuwapo. Wasomaji waliokirudia kitabu chake baada ya hapo walilisoma jina lake kwa sikio jingine, na swali la ni nani hasa anayemkaribisha nani likawa na kishindo. Kwa Kiswahili swali hilo lingekuwa limekwisha kujibiwa, vyema au vibaya, na mtu aliyechagua kati ya *yetu* na *kwetu*.

Limebaki suala la idadi. Kwa sehemu kubwa ya riwaya, "you" ya msimulizi ni Refentše peke yake, na *karibu* inamtosha. Karibu na mwisho, msimulizi anamgeukia Refilwe, mpenzi wake wa zamani, aliyekwenda kusoma Oxford, akampenda Mnigeria huko, akarudi nyumbani na UKIMWI kufia kijijini kwao. Nafsi ya pili inahama kutoka kwa maiti mmoja hadi kwa mwingine, na Kiingereza, kisicho na tofauti kati ya wewe na ninyi, hakionyeshi alama yoyote njiani. Baada ya kuhama huko wako wawili, na nyuma yao Lerato, na mama aliyechomwa, na wale wasiotajwa. Mfasiri atafika kwenye ukaribisho wa mwisho akiwa na *karibu* mkononi, na kabla ya kuuandika itabidi arudi nyuma kurasa kadhaa kutafuta ni wapi hasa palipokuwa pameanza kuwa na watu wengi.